Uzi Mwekundu Kwenye Mchicha

Siku ile zamu ya maji ilikuwa ya mke wa fundi cherehani, na maji hayakumwagwa. Jua lilishapanda, mpira wa maji bado umeviringishwa kwenye msumari wake ukutani, na miche ya nyanya kitaluni imeanza kulegea shingo. Watu wa bustani walidhani amelala. Hakuwa mtu wa kukosa zamu, kwa hiyo kukosa kwake kulikuwa kichekesho kabla ya kuwa kitu kingine.

Bustani ilikuwa nyuma ya karakana ya zamani ya mabasi, kwenye kiwanja ambacho manispaa ilishindwa kukiuza ikakiachia ushirika wa wakazi. Kila kaya ilikuwa na tuta lake, na kazi za pamoja zilikwenda kwa zamu: maji, mboji, kitalu, ulinzi. Mwenyekiti alikuwa nesi mstaafu ambaye wote walimwita Sista. Yeye ndiye aliyetoa simu na kurekodi ujumbe.

"Shoga, mume kakuficha shukani leo au vipi? Nyanya zinazimia huku! Njoo kabla sijaja kukuvuta miguu."

Ujumbe uliingia kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa fundi, kwenye benchi la ukumbi wa hospitali. Alikuwa ameishika simu ya mkewe tangu alipoingizwa ndani kwa machela. Daktari alikuwa ametoka muda si mrefu kumwambia kwamba mshipa umepasuka kichwani na hawakuwahi kumwokoa. Fundi alibonyeza bila kufikiri. Sauti ya Sista ikajaa ukumbini, na wanawake wawili waliokuwa wakisubiri vipimo wakacheka. Aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayetunga uzi kwenye sindano: "Hatakuja."

 

Waombolezaji walipotawanyika na viti vya kukodi kurudishwa, nyumbani walibaki watatu: fundi, binti yake wa kidato cha pili, na mama mkwe wake, ambaye binti alimwita bibi na fundi alimwita mama. Duka la ushonaji lilikuwa chumba cha mbele, nao waliishi vyumba vya nyuma. Siku nzima bibi alifungua kabati la jikoni, akatazama ndani, akalifunga. Mboga za nyumba ile zilikuwa zikitoka bustanini, na sasa hakuna aliyejua kama wana ruhusa ya kwenda kuchuma.

Sista alikuja jioni, akakataa kiti, kisha akakaa.

"Shemeji, nimekuja na jambo ambalo halina namna nzuri ya kusemwa."

"Sema tu, Sista."

"Tuta. Tuta halirithiwi. Ni kanuni yetu, na marehemu mwenyewe ndiye aliyeipigania, maana mwanzoni watu walikuwa wanaachiana matuta kama mashamba ya baba zao. Likibaki bila mtu linakwenda kwa anayefuata kwenye foleni. Anayefuata ni mama wa mapacha, yule anayekaa juu ya duka la mikate."

Bibi aligeuka kutoka kwenye kabati. "Mwanangu udongo haujamkauka juu, mnagawana mboga zake?"

"Mama, naomba unisamehe."

"Sikusamehe. Kunywa chai yako uende."

Fundi alikuwa akizungusha kidole kwenye ukingo wa kikombe. "Nalitaka mimi hilo tuta," akasema.

Sista akamtazama vizuri. Katika miaka yote ya ushirika, mtu huyu alikanyaga bustanini mara moja, akasimama mlangoni na viatu vyake vilivyong'arishwa, akasema anaogopa kuchafua suruali kabla ya mteja kuiona.

"Wewe? Shemeji, wewe mchicha unaujua ukishakuwa kwenye sufuria."

"Nifundisheni."

"Kufundishwa kwetu ni kujitolea. Mwanafunzi anafanya kazi za wote, hana tuta, hana kauli mkutanoni. Na mama wa mapacha amejitolea tangu mwaka jana. Siwezi kukuahidi kitu." Akafikiri kidogo. "Ninachoweza ni kuwaomba wanachama wasilitoe mpaka mwisho wa msimu, wakae waamue. Mpaka hapo lisimamieni nyinyi. Mkilitunza vizuri, kila mtu ana macho."

Alipoondoka, binti alikusanya vikombe. "Baba, mchicha si unauzwa sokoni? Ya nini kwenda kujidhalilisha?"

"Mama yako alikuwa anakwenda kule kila siku," Fundi akasema. "Anarudi na udongo kwenye kucha, anacheka peke yake. Mimi nikiwa na mashine yangu, tr-r-r-r, sikuwahi kumuuliza anacheka nini. Ni mahali pake pekee ambapo sikuwepo. Wakimpa mtu mwingine, sitapajua tena."

Bibi akafunga kabati kwa kishindo. "Basi kapajue," akasema. "Ila ukirudi na hizo suruali, usizitupe kwenye beseni langu."

 

Jumamosi ya kwanza walimpeleka kwenye mboji, kama kila mwanafunzi. Lundo lilikuwa refu kufika kifuani, linatoka mvuke kwa juu, na lilinuka majani yaliyooza na samadi ya kuku. Aliyemsimamia alikuwa mchukuzi wa sokoni waliyemwita Toroli, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa amebeba gunia.

"Fundi, hiyo koleo si sindano! Ishike kama unataka kumpiga mtu."

"Naishika hivi?"

"Hapo umeshika kama unamtekenya. Jamani, njooni mwone, fundi anapima kiuno cha samadi!"

Watu wakacheka, na fundi akacheka nao kwa kuchelewa. Viganja vyake, vilivyozoea mkasi na chaki, vilitoka malengelenge kabla ya saa nne. Aliyemsogelea na kumwonyesha namna ya kuinama kwa magoti bila kuvunja mgongo alikuwa mama wa mapacha mwenyewe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amewaacha wanawe wamelala ndani ya kreti la soda lenye kanga kivulini. Alimfundisha kwa uangalifu, bila kumtazama usoni.

"Kila kikavu kikatwekatwe vipande vidogo," alimwambia. "Halafu kiingizwe katikati, palipo na moto. Juu unarudishia mbichi, unanyunyizia maji. Marehemu ndiye aliyenifundisha hivyo."

"Asante, mama."

"Pole kwa msiba, Fundi," akasema yule mwanamke, na wote wawili wakarudi kwenye koleo zao.

Sista naye hakumwita shemeji siku ile. Alimwita "mwanafunzi", mbele ya watu, akamrudisha mara mbili kuosha jembe ambalo halikutakata. Fundi aliliosha. Usiku ule bibi alimpaka mafuta ya mgando viganjani, na alipomaliza akamwambia, "Jumamosi ijayo vaa glavu. Usijifanye kijana."

 

Kesho yake mchana, bustani ikiwa tupu, fundi alikwenda na binti kumwagilia tuta. Safari hiyo alilikagua kwa makini. Upande mmoja kulikuwa na bamia na pilipili, mbichi, zimesimama vizuri. Upande wa pili mchicha ulimshangaza. Ulikuwa mrefu kumfika begani, mashina yamekuwa magumu kama miti, majani ya chini yamepukutika, na juu yamening'inia mashuke makavu ya rangi ya vumbi. Ulionekana kama kitu kilichosahauliwa. Akaona haya kwa niaba ya mkewe, kwamba watu wamelipita tuta lake likiwa katika hali ile tangu alipokufa.

Ndipo alipouona uzi. Kila shina kongwe lilikuwa limefungwa uzi mwekundu, fundo dogo lililobanwa vizuri.

Fundi alichuchumaa. Aliujua uzi ule. Ulitoka kwenye kibweta chake, uzi wa kushikizia, na katika kazi yake ulikuwa na maana moja tu. Mteja akija na gauni la kupunguzwa, yeye huweka alama kwa uzi mwekundu, ili hata akimwachia msaidizi kazi hiyo, msaidizi ajue: hapa pakatwe. Mkewe alimsaidia dukani miaka mingi. Alikuwa ameondoa nguo zenye alama hizo mezani mara zisizohesabika.

"Ameniachia alama," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na binti akamtazama kwa hofu kidogo.

"Alama gani, baba?"

"Hii. Alijua kazi hajaimaliza. Amenionyesha pa kukata."

"Una uhakika? Tungemuuliza Sista kwanza."

"Huu uzi ni wangu, mwanangu. Uzi wangu siujui?"

Alikata kwa mkasi wake wa dukani, shina kwa shina, karibu na ardhi, taratibu kama anayekata kitambaa cha mtu. Tangu hospitalini hakuwa amejisikia hivyo, kama mtu aliyeitwa jina. Kisha akafanya kama alivyofundishwa. Akakatakata mashina na mashuke vipande vidogo, akachimba katikati ya lundo la mboji mpaka mvuke ukampiga usoni, akayaingiza huko, akafunika, akanyunyizia maji. Tuta likabaki safi, limenyooka kila upande. Alisimama pembeni akalitazama kwa muda mrefu. Hata binti alikubali kwamba limependeza.

 

Jumanne binti wa Sista alikuja dukani na kusema fundi anaitwa bustanini, sasa hivi.

Walikuwa wamesimama kuzunguka tuta, kama watu kumi. Hakuna aliyekuwa akitania. Toroli alikuwa ameshika ncha ya uzi mwekundu aliouokota chini.

"Mwanafunzi," Sista akasema, "mchicha wa mbegu uko wapi?"

"Mchicha wa nini?"

"Wa mbegu! Uliofungwa uzi. Ule wa ushirika mzima, si wa kwako. Mkeo alikuwa akiutunza kwa niaba yetu wote, misimu sita, anachagua shina lenye majani mapana lisilotoa maua mapema, analifunga uzi ili mtu asilichume. Ilikuwa imebaki wiki moja tukapukuse mbegu. Umekwenda wapi? Kuna mtu ameiba?"

Neno hilo lilikaa hewani. Lingeweza kumfaa. Ukuta wa nyuma ulikuwa mfupi na wezi wa mboga hawakuwa wageni. Fundi aliuona mlango huo wa uongo uko wazi, na akaona binti yake amesimama nyuma ya watu na sare yake ya shule.

"Nimekata mimi," akasema. "Nilidhani uzi ni alama ya kukata. Kwetu dukani ni alama ya kukata."

Mzee mmoja akasonya. Mwanamke mwingine akasema, "Haya ndiyo mambo ya kuingiza watu kwa huruma." Toroli peke yake alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akasema, "Fundi, umempunguza marehemu kiuno."

"Toroli, nyamaza," Sista akasema. Kisha kwa fundi: "Umeuweka wapi?"

"Kwenye mboji. Katikati. Kama mlivyonifundisha."

Mama wa mapacha alifumba macho.

Nyumbani, bibi alipoambiwa, alikaa kwenye kigoda na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na fundi hakujua ni machozi ya aina gani. "Alikuwa akiniambia," bibi akasema. "'Mama, leo nimemwibia fundi uzi tena, hata hajui.' Hicho ndicho kilichokuwa kinamchekesha, baba. Kukuibia uzi."

Fundi akainuka, akageuza kibao cha mlango wa duka kikasoma IMEFUNGWA, akavaa glavu.

 

"Huko ndani ni oveni," Toroli alimwambia alipomkuta amezama kwenye lundo hadi mapajani. "Mbegu ikilala siku mbili kwenye joto lile imekwisha. Unajichosha."

"Za katikati zimekwisha. Za pembeni je?"

Toroli alikuna kidevu. Akaenda akaleta koleo ya pili.

Walichambua lundo zima kwa mikono. Mashuke ya katikati yalikuwa yamekuwa uji mweusi, yakawaponyoka vidoleni. Lakini fundi, kwa ugeni wake, hakuwa amechimba shimo pana vya kutosha, na vipande vingine vilikuwa vimesukumwa kando, kwenye majani ambayo hayajapata moto. Hivyo walivitoa kimoja kimoja, vimelowa, wakavitia kwenye ndoo. Fundi alivibeba hadi dukani, akaondoa vitambaa vyote kwenye meza ya kukatia na kuvitandaza hapo, dirishani, penye jua.

Meza ilibaki hivyo siku kadhaa. Wateja walikuja wakakuta suti zao zimerundikwa kwenye kiti.

"Fundi, siku hizi unashona mboga?" mmoja aliuliza.

"Nakausha mbegu."

"Na gauni la mke wangu?"

"Litachelewa. Kama una haraka, nitakurudishia kitambaa."

Yule mteja alichukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine. Bibi alimwona akitoka, akasonya, kisha akavuta kigoda hadi mezani. Alisugua mashuke makavu kati ya viganja, na fundi akakunjua kipande cha neti kilichobaki kwenye kazi ya shela ya bibi harusi, akakibana kwenye mdomo wa beseni. Walipitisha makapi hapo. Makapi yalibaki juu; chini zikadondoka punje nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha pini, zinang'aa. Mama wa mapacha alikuja jioni na wanawe mgongoni na kifuani, akakaa upande wa pili wa meza bila kuombwa. Bibi alimtazama kwa jicho la pembeni. Halafu akanyoosha mikono.

"Niletee mmoja huyo nimshike. Utasuguaje na mtoto kifuani?"

Mwishoni walipata kiasi cha kujaza kikombe cha kahawa nusu. Fundi alikipeleka kwa Sista akiwa amekifunika kwa kiganja.

"Nizioteshe mimi," aliomba.

"Utazifukia ndani mno, kama ulivyozifukia kwenye mboji. Kaa hapa, tazama." Sista alichukua mchanga mkavu, akachanganya na mbegu chache. "Peke yake zinarundikana sehemu moja. Ukizichanganya na mchanga zinatawanyika. Unanyunyiza, hufukii, unapapasa tu juu kwa kiganja. Haya, zamu yako."

Kwenye mstari wa kwanza fundi alizirundika. Kwenye wa tatu zilitawanyika sawa. Sista alitembea nyuma yake, akamsahihisha, akamsahihisha tena, na mahali fulani katikati ya kitalu alisahau na kumwita shemeji.

Zikaota chache. Sehemu nyingine ya kitalu ilibaki kipara. Lakini zilizoota zilikuwa zenyewe, za majani mapana, na Sista alisema zikilindwa zitatosha kurudisha mbegu ya ushirika mwakani.

 

Mkutano wa mwisho wa msimu ulifanyika Jumamosi, watu wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Sista alieleza jambo la tuta bila kuongeza wala kupunguza. Mzee aliyesonya siku ile akasimama.

"Mimi nasema apewe Fundi. Amekosea, amerekebisha. Ana uchungu. Tusiwe mawe."

"Kanuni ni kanuni," mwanamke mwingine akasema. "Leo tukimpa kwa uchungu, kesho kila mtu ataleta uchungu wake. Yule mama naye hana wake?"

Mama wa mapacha alitazama chini. Sista akauliza kama kuna mwenye la ziada, na bibi, ambaye hakuwa mwanachama wala mwanafunzi, akanyanyuka na fimbo yake.

"Mwanangu alilima pale mpaka—"

"Mama," fundi akasema. "Mama, tukae." Akamshika kiwiko. Kisha, ingawa mwanafunzi hana kauli mkutanoni, akamtazama Sista, naye Sista akamwashiria kwa kichwa.

"Kanuni hii aliipigania yeye," fundi akasema. "Nikiivunja kwa ajili yake, nitakuwa nimekata uzi mwingine. Pigeni kura. Matokeo yoyote, mimi Jumamosi nitakuja. Bado kupogoa sijafundishwa."

Mikono iliinuliwa. Tuta lilikwenda kwa mama wa mapacha, na hata waliompinga hawakunung'unika. Alilia, akajaribu kumpa fundi bamia zilizokuwa zimekomaa, fundi akazikataa, bibi akazichukua.

Njiani kurudi nyumbani, karibu na duka, binti aliuliza, "Imekuuma, baba?"

"Imeniuma sana," fundi akasema, akitafuta funguo mfukoni.

Sasa tuta linalimwa na mama wa mapacha. Fundi ni wa pili kwenye foleni, nyuma ya mwalimu wa chekechea, na kila Jumamosi duka lake hufunguliwa saa nane mchana.